Safari ipi imekufa? Soma kabla hujaongeza laki sita kwenye simu

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mvua ile ya Mbeya isiyo na haraka ikinyesha tangu alfajiri, kijana mmoja aliingia kibandani kwangu Mwanjelwa akaweka simu mbili juu ya meza. Moja yake mwenyewe, iPhone 13, nzima kabisa, betri inasoma asilimia 89. Nyingine iPhone 14 ya jamaa yake wa Soweto, mtaa wa hapahapa Mbeya, aliyopewa kwa nusu saa aje kuionyesha kwa fundi.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba."

"Niangalizie tu kama hii haijawahi kufunguliwa. Jamaa anataka nimpe yangu na laki sita juu. Hela ninayo."

Hela anayo kweli, namfahamu. Anakusanya viazi Isyonje, anajaza fuso, anashusha Dar. Laki sita ile ndiyo inayonunua viazi. Nikamwambia akae kwanza kwenye benchi mvua ipungue, halafu nikamuuliza hiyo mpya itamfanyia nini ambacho yake haifanyi. Akanicheka. "Kaka, hiyo ni kumi na nne!"

Basi nikazilaza pamoja, uso juu, nikamwambia akitoka nje akarudi anionyeshe ya kwake ni ipi. Kioo cha inchi 6.1 hapa, inchi 6.1 pale. Chipu A15 iliyotoka na 13 mwaka 2021, na 14 ya mwaka 2022 ikapewa A15 hiyohiyo, yenye kiini kimoja zaidi cha kushughulikia picha. Kamera kuu ni megapikseli 12 kwa 12, ingawa ya 14 inapokea mwanga zaidi na picha za usiku zinatoka na nafuu. 14 inatambua ukipata ajali ya gari. Inaweza pia kuita msaada kwa satelaiti mahali pasipo na mtandao, huduma iliyoanzia Marekani na Kanada mwezi Novemba 2022. Nikamuuliza kama ana mpango wa kupotea kwenye milima ya Kanada.

Kuna kitu kimoja kilichobadilika kwelikweli kwenye 14, na sikumwambia siku ile kwa sababu niliona hakimhusu. Nitakisema baadaye.

Nimekaa kwenye kiti hiki tangu mwaka 2009. Nimeona watu wakiuza ng'ombe kwa ajili ya simu, na nimeona simu ya elfu ishirini ikibadilisha maisha ya ukoo mzima. Kila mwaka matangazo yanatuambia kwamba hii sasa ndiyo mapinduzi. Neno lenyewe limechakaa kama kitufe cha tano cha kitochi. Mimi nimebaki na swali moja ninalomuuliza kila anayetaka ushauri kabla hajatoa hela: kitu hiki kilipokuja, safari ipi ilikufa?

Nasema safari kwa maana pana. Kwenda na kurudi, kupanga foleni, kumtuma mtoto, kumsubiri mtu stendi. Kama hakuna mwendo wowote uliokoma kwenye maisha yako, ulichonunua ni kilekile chenye rangi nyingine. Hakuna ubaya, rangi nayo inauzwa. Ila usiilipie bei ya mapinduzi.

Swali hili sikulipata kwenye ufundi. Nililipata Ipogolo.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni Iringa. Baba alikuwa Tukuyu. Hela ya ada ilikuwa inakuja kwa konda wa basi: bahasha ya kaki, jina langu kwa kalamu ya wino, selotepu imezungushwa mara tatu. Muhula ule baba aliweka shilingi 45,000, akapiga simu kwa mwalimu kwamba basi litapita saa fulani. Nikashuka kilima chote cha Iringa kwa miguu hadi Ipogolo, pale mabasi ya Mbeya yalipokuwa yanasimama. Siku ya kwanza konda akasema bahasha imesahaulika Mbeya. Siku ya pili basi halikusimama kabisa, lilipita na vumbi lake. Siku ya tatu nikapewa bahasha. Selotepu ilikuwa imekatwa na kubandikwa upya, unaona kabisa mstari mmoja mpya umepita juu ya ile ya zamani. Ndani mlikuwa na 25,000.

Utamshtaki nani? Konda alisema kapewa hivyo hivyo. Nilirudi shule nikaandika barua, barua ikachukua siku zake, na mwishowe baba akapanda basi mwenyewe. Kilomita zaidi ya 300 kuja kuleta shilingi 20,000, na nauli ya kwenda na kurudi juu yake. Nakumbuka alivyoshuka pale Ipogolo, kavaa koti lake la kanisani, hela ameifunga kwenye leso na leso ameibana na pini ndani ya mfuko wa shati. Hakusema lolote kuhusu konda. Aliuliza kama nimekula.

Mwaka 2008 Vodacom wakaleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Wakati wa kumlipia mdogo wangu ada, baba alikwenda kwa wakala Tukuyu, akabonyeza, hela ikafika kabla hajarudisha miwani mfukoni. Safari ya Ipogolo ikafa. Haikupungua wala haikufanywa iwe rahisi. Ilikufa, ikazikwa, na vijana wa leo hawajui hata kaburi lake. Waulize walio chini ya miaka ishirini kama wamewahi kutumiwa hela kwa konda, watakuona unatunga.

Na tazama kilichobeba hayo yote. Hakikuwa kioo cha kugusa. Ile *150*00# ya kufungulia M-Pesa inatembea juu ya USSD, njia ya ujumbe iliyokuwemo kwenye mitandao ya simu ya GSM tangu miaka ya 1990. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, inatuma hela vizuri kabisa, bila intaneti na bila programu ya kupakua. Hata waliobuni huduma yenyewe walikuwa wanawaza jambo dogo zaidi. Majaribio ya Kenya ya mwaka 2005 yalihusu watu kurejesha mikopo midogo, na watu wenyewe ndio walioanza kutumiana. Mapinduzi yalifanywa na waliotuma "na ya kutolea", yaani hela pamoja na ada ya kuitoa kwa wakala.

Mwaka 2014 mitandao kadhaa hapa nchini ilianza kuruhusu pesa ivuke moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na mwaka 2016 Vodacom nao wakajiunga. Hakuna aliyepanga foleni dukani usiku kucha kusubiri jambo hilo, na hapakuwa na mtu mwenye fulana nyeusi jukwaani. Mimi niliona tu wateja wanaacha kubeba laini nne.

Basi hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo. Usitafute mapinduzi kwenye kabati la vioo. Mara nyingi yanakaa kwenye kitu chenye sura ya kizamani ambacho bei yake imeshuka ghafla, au vitu viwili vitatu vya zamani vimekutana.

Mama yangu anaishi Busokelo, upande wa Lwangwa, kule mvua hairuhusiwi kupumzika. Nikiwa mdogo kazi yangu ya jioni ilikuwa kupeleka chupa dukani kununua mafuta ya taa. Chupa ya soda, kizibo chake gunzi la mahindi. Ukirudi mbio gunzi linalowa, na usiku huo ukila mkono unanuka. Tulisomea koroboi. Asubuhi ukipenga, kamasi linatoka jeusi, na tulidhani watoto wote duniani wana kamasi jeusi.

Miaka kumi hivi iliyopita nilimpelekea mama taa ya sola, paneli yake saizi ya daftari. Haikuwa na jina kubwa. Leo ukiifungua taa ile, na mimi nimeifungua mara mbili, utakuta ndani yake mambo matatu ambayo kila moja lilichukua miaka mingi kimya kimya. La kwanza ni mwanga wenyewe. LED nyekundu ilikuwepo tangu mwaka 1962, ndiyo ile nukta nyekundu kwenye redio. Ila kupata mwanga mweupe kunahitaji bluu, na bluu iliwashinda watu kwa takriban miaka thelathini. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ndio walioifanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nakamura inasemekana kampuni yake ilimpa bonasi ya yeni 20,000 kwa kazi ile. Kwa hela yetu hiyo hainunui hata simu ninayomtengenezea mteja wa kawaida. Baadaye aliwapeleka mahakamani, na mimi nilifurahi kusoma hivyo.

La pili ni betri ya lithiamu-ioni, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991. Mmoja wa waliopewa Nobel ya kemia kwa ajili yake mwaka 2019, John Goodenough, alikuwa na umri wa miaka 97. La tatu ni paneli, ambazo bei yake imekuwa ikianguka mwaka hadi mwaka. Vitu vitatu, hakuna kilichoanzishwa kwa ajili ya Lwangwa, vimekutana juu ya bati la mama.

Safari ya chupa na gunzi imekufa. Na nyingine ikafa nayo: kupeleka simu kuchajiwa sokoni kwa hela, unaiacha kutwa nzima na karatasi yenye jina lako imefungwa kwa mpira. Sasa taa ile ina tundu la kuchajia. Mama hajui Nakamura ni nani. Jua likichomoza baada ya siku tatu za mawingu husema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akiwa anatazama juu ya bati.

Nikija kwangu mwenyewe, mapinduzi ya miaka hii mitano hayajatoka kwenye simu. Yametoka jikoni, na niliyapinga.

Ukizaliwa nyanda za juu unajua kwamba maharage ni kazi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yanachemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100 ng'o. Ndiyo maana shemeji yangu wa Dar akija huku anadhani maharage yetu ni magumu kwa asili. Maharage ni mazuri, maji ndiyo hayana moto wa kutosha. Kwa hiyo tunayaloweka, tunatia magadi, tunabandika saa nane mchana ili tule saa mbili usiku, na mkaa unateketea.

Mama watoto akataka jiko la umeme la presha. Nikasema hapana, umeme utatumaliza. Akalinunua kwa hela ya kikoba, akaliweka mezani, hakunisemesha. Jumapili moja nikaamua kumshinda kwa hesabu. Nikasoma luku, nikamwambia aweke maharage kilo moja, nikakaa pale pale na saa. Chungu kikafunga, kikanyamaza. Ndani humo mvuke ukibanwa moto unapanda mpaka karibu nyuzi 110, huko maji ya sufuria ya kawaida Mbeya hayajawahi kufika. Saa nzima haikuisha maharage yameiva mpaka yanapasuka. Nikasoma luku tena. Hata nusu uniti haikufika. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, piga mwenyewe. Nikaenda nje kukagua gari lisilo na tatizo.

Na hilo jiko ni jipya? Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu cha kupikia kwa mvuke uliobanwa mwaka 1679. Kilichoongezeka ni kibao kidogo cha elektroniki chenye kihisio cha joto, aina ninayobadilisha kwa pasi ya kuchomelea kila siku, kinachojua wakati wa kukata moto ili chungu kisiwe bomu. Wazo la zaidi ya miaka 300 pamoja na kibao cha bei ya chini, na safari ya kwenda kwa muuza mkaa imekufa kwangu, au niseme iko mahututi, maana ugali bado unapikwa kwa mkaa na sitaki ugomvi mwingine. Serikali nayo ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sijui watafikaje, ila nikiulizwa wapi pa kuweka laki mbili kati ya kava mpya, saa ya mkononi inayohesabu hatua na jiko lile, silazi damu.

Vingine vilivyoitwa mapinduzi nitavipita haraka. Televisheni za 3D, mnakumbuka zile miwani? Zilipigiwa ngoma mwaka 2010, na kufikia 2017 LG na Sony nao walikuwa wamejitoa. Miwani ya Google ya dola 1,500 ilianza kufikia watu wa kwanza mwaka 2013, Januari 2015 mauzo hayo yakasimamishwa. Simu za kukunja zipo na zinapendeza, nakubali, na zinanitisha kuzifungua. Safari iliyokufa hapo siijui.

Sasa kuna mtu atanibishia, na ana haki. Atasema fundi, hatua ndogondogo nazo zinafika mbali. Ni kweli. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007, ambayo leo tunaiita mapinduzi, ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 isiyorekodi video. Haikuwa na 3G. Duka la programu lilikuja mwaka 2008, na kunakili maneno na kuyabandika kulikuja mwaka 2009. Ungeinunua siku ile ya kwanza ungekuwa umenunua ahadi. Kilichoifanya iwe ilivyo ni miaka ya viraka vidogo, na kwa sisi huku ni mkongo wa intaneti wa SEACOM ulioshuka Dar mwaka 2009 pamoja na simu za bei nafuu za Tecno na itel zenye laini mbili, betri kubwa na kamera inayojua kwamba binadamu anaweza kuwa mweusi.

Ndiyo maana siwaambii watu wasibadilishe simu. Nawaambia waruke matoleo. Hatua moja huioni. Ukiruka matoleo manne au matano unaona kitu, na hela uliyokaa nayo katikati imefanya kazi nyingine. Kama yako inaishiwa chaji mchana, leta nibadilishe betri. Nusu ya "simu mpya" ninazoombwa ushauri ni betri iliyochoka tu. Kama imejaa, futa video za harusi za watu usiowajua. Cha kuangalia sana ni mlango kufungwa: simu yako ikikosa masasisho ya usalama, programu za benki zinaanza kuikataa, na WhatsApp waliacha kuhudumia Android 4.4 mwaka 2025. Hapo badilisha, usibishane. Na unaponunua uliza simu hiyo itapata masasisho kwa miaka mingapi kabla ya kuuliza ina macho mangapi. iPhone 6s ya 2015 iliendelea kupata matoleo makubwa ya mfumo hadi lile la 2021. Hiyo ni sifa ya kweli, na haionekani kwenye picha ya kujipiga kanisani.

Halafu hesabu pia safari zinazozaliwa. Kitochi kilikaa na chaji wiki nzima. Simu janja imetuzalia safari ya kila siku ya kutafuta soketi. M-Pesa iliua safari ya Ipogolo ikazaa ile ya kuzunguka mtaa kwa sababu wakala hana salio, na ikazaa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Vile visikizi visivyo na waya vimezaa safari ya kutafuta kimoja chini ya kiti cha daladala. Toa kilichozaliwa kwenye kilichokufa. Kinachobaki ndicho ulichonunua.

Wengi mnaniuliza habari za akili mnemba, maana sasa kila simu mpya inadai kuwa nayo. Sina jibu lililoiva, nina kisa. Mwaka jana niliingia kwenye simu ya Kichina ambayo haikuwa inapokea chaji. Mchoro wa saketi niliupata, maandishi yote Kichina. Zamani ningepiga picha, nimtumie jamaa yangu Kariakoo, naye ampelekee mtu anayejua lugha, kesho kutwa nijibiwe. Safari hii nikaelekeza kamera, maandishi yakageuka mbele ya macho yangu. Safari ya Kariakoo ikafa, nakiri. Nikajiona nimefika, nikaiuliza programu ya kujibu maswali ni volti ngapi zinatakiwa kwenye laini ile. Ikanijibu kwa ujasiri wa mchungaji. Mkono ukasita. Nikapima kwenye bodi nyingine nzima ya aina ileile, nikakuta jibu lilikuwa mbali kabisa na ukweli. Ningelifuata ningechoma chipu ya mteja na kuilipa mimi. Kwa hiyo kwenye kutafsiri naona kaburi, kwenye kupima bado naenda mwenyewe. Ukiambiwa ununue simu mpya kwa sababu ya hiyo akili, jaribu kwanza kwenye simu uliyonayo. Nyingi ya kazi hizo zinafanyika huko kwenye kompyuta zao za mbali, na simu yako inapeleka swali tu.

Turudi kwa kijana wa viazi. Mvua ilipungua, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema "nimekuelewa sana kaka", akaenda Soweto akatoa laki sita. Sikukasirika. Nilishawahi kuwa na miaka ishirini na tatu.

Mwezi wa nne alirudi. Alikuwa anapandisha magunia Isyonje, simu ikatoka mfuko wa nyuma, ikaangukia jiwe. Kioo cha mbele kizima, cha nyuma kimekuwa utando wa buibui. Aliishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Zamani alishawahi kuulizia mahali bei ya kioo cha nyuma cha ile 13 aliyoitoa, wakamtisha.

Na hapa ndipo lilipo lile jambo nililolinyamazia. Kwenye 13, kioo cha nyuma kimegandishwa na fremu. Kukitoa ni kukivunja kipande kwa kipande, hewa ya moto na wembe, saa mbili au tatu, miwani usoni, na bado kipande kimoja kitakuingia kidoleni. Kwenye 14 walibadilisha umbo la ndani, simu ikawa inafunguka mbele na nyuma. Kwenye uzinduzi hawakulipigia kelele jambo hilo. Nilitoa skrubu mbili za chini, nikapasha moto kingo, nikaweka kinyonyeo, nikapitisha kadi ya plastiki pembeni taratibu, kifuniko kikanyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Waya mmoja wa kuchomoa, cha zamani pembeni, kipya mahali pake, gundi, vibanio. Dakika arobaini, kumi kati ya hizo nilikuwa nakunywa chai.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari. Ingekuwa ile yako ya zamani ungeiacha mpaka kesho, na ungelipa mara mbili ya hii."

Akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena. "Kumbe ndiyo tofauti yenyewe, kaka?"

Nikamwambia ndiyo hiyo, nyingine sijaiona. Akacheka sana. Akabonyeza, simu yangu ikalia kabla hajafika mlangoni. Alikuwa ametuma na ya kutolea.